Injili ya Jikoni kwa Mama

Historia ya Kanisa la Kilutheri mkoani Kagera imeandikwa, tena imeandikwa vizuri. Askofu Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa kwanza wa Bukoba, aliitungia kitabu kizima. Aliyemrithi, Josiah Kibira, mzaliwa wa hukuhuku kwetu, alichaguliwa mwaka 1977 katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wote wawili nawaheshimu. Lakini mtu aliyenihubiria mimi hamumkuti vitabuni. Ni mama yangu mzazi, na sehemu kubwa ya mahubiri yake aliyatoa akiwa ameketi chini, kisu mkononi, anamenya ndizi za jioni.

Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu katika nyumba moja kwenye uwanda wa Kamachumu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Wengi waliokuwepo wamekwisha kufa. Majina siyataji, kwa sababu watoto na wajukuu wao wapo na wana haki ya kusimulia au kunyamaza.

Kwetu Bukoba, habari za Yesu tangu mwanzo zilitembea kwa miguu ya watu wa kawaida. Wamisionari Wajerumani wa Betheli walipofika mwaka 1910 walikuta tayari kuna Wahaya waliokuwa wamekwenda Uganda, wakajifunza kusoma Injili kwa Kiganda, wakarudi nayo nyumbani na kuanza kusali pamoja. Vivyo hivyo Uamsho, ule mwamko wa walokole ulioenea Afrika Mashariki. Wanahistoria huutaja mwaka 1929, Simeoni Nsibambi alipokutana Kampala na daktari Mwingereza, Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Huitaja pia hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ambako moto uliwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Bukoba. Viongozi wengi wa kanisa waliuogopa, maana watu waliosimama kushuhudia hawakuwa na kanzu wala cheti. Walikuwa wakulima, wauguzi, walimu wa shule za msingi, na akina mama wengi. Waliitana ndugu. Walisalimiana kwa kumsifu Bwana, salamu ambayo leo iko kinywani mwa karibu kila mlokole wa Afrika Mashariki, hata asiyejua imetoka wapi.

Mama aliokoka mwaka 1971. Nilikuwa darasa la pili. Hakuna mhubiri aliyekuja kwetu. Alikuja mwanamke wa kibanja cha pili kurudisha ungo aliouazima miezi mingi nyuma, na pamoja na ungo akaleta kikapu cha maharage. Mama akashangaa: maharage ya nini? Yule mama akasema kwamba ungo ule aliuazima kwa nia ya kutourudisha, na amekuja kuomba radhi. Wakaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Sisi watoto tulifukuzwa nje, lakini nyumba zile hazikuwa na siri. Tulisikia sauti ya mgeni akisimulia maisha yake taratibu, bila kulia wala kupaza, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Tangu siku hiyo Mama akaanza kwenda kwenye ushirika wa ndugu wa Uamsho kila Alhamisi.

Yaliyofuata nyumbani ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Msomaji asiye wa kwetu inabidi ajue jambo moja kuhusu kahawa. Palizi ni ya mwanamke na watoto, kuchuma ni kwa wote, kuanika na kukusanya mvua ikinukia ni kazi ya mwanamke. Fedha, lakini, zilikuwa za mwanamume. Alipeleka magunia, akahesabiwa, akarudi nazo mfukoni, na namna ya kuzitumia ilikuwa shauri lake. Ndiyo maana wanawake wengi walikuwa na kibuyu au mtungi uliofichwa. Kahawa ya maganda ikiwa imeanikwa juu ya mikeka, mkono mmoja leo, mkono mwingine kesho, debe hujaa, na mlanguzi anajua mlango wa nyuma. Hilo wanawake walikuwa wakilijua, na wanaume walikuwa wakilishuku. Nyumba nyingi ziliishi hivyo kwa amani ya uongo.

Jioni moja Tata, yaani baba yangu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anatafuna kahawa. Mama akaingia, akapiga magoti kama ilivyokuwa desturi, na mbele yake akaweka vitu vitatu: kitenge, sufuria ndogo, na fedha zilizofungwa kwenye ncha ya kanga. Akasema, "Waitu, nina deni kwako. Hivi nilivinunua kwa kahawa niliyokuibia. Vingine vimekwisha tumika, siwezi kuvirudisha. Nimemwomba Yesu anisamehe, na amenisamehe. Sasa nakuomba na wewe."

Tata alitazama vile vitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mungu. Na sasa watoto."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwenye pombe. Sisi tulijua atarudi na nini. Dada yangu mkubwa alikwisha panga nani atambeba mdogo wetu, tukimbilie kwa bibi. Alirudi usiku sana, akalala. Asubuhi fedha zilikuwa palepale kwenye nyasi, na kitenge vilevile. Mama alikihifadhi kitenge kile bila kukivaa mpaka Tata mwenyewe alipomwambia, miezi kadhaa baadaye, akivae kwenda kwenye harusi.

Miaka mingi baadaye Tata alisimulia yaliyotokea usiku ule. Aliwaambia wenzake kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba mkewe amejishitaki. Wakacheka, wakasema mwanamke huyo amerogwa na walokole, ampige arudi akilini. Mzee mmoja akawanyamazisha, akasema, "Wake zetu sote wanatuibia. Wa huyu peke yake ndiye ameacha." Tata alisema maneno hayo yalimkaa tumboni.

Hakuokoka. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa shuhuda nyingi tunazozisikia siku hizi hukimbilia mwisho mwema kabla ya wimbo kwisha. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitatu Tata aliendelea na rubisi yake, na maneno makali hayakwisha. Lakini msimu uliofuata alipotoka kuuza kahawa, aliita Mama, akamwaga fedha kwenye nyasi, akazihesabu mbele yake. Sijui kama alikusudia ama ilimtoka tu. Sisi watoto tulisimama mlangoni tukiangalia kama watu wanaoangalia kupatwa kwa jua.

Halafu pakawa na senene. Novemba zinapokuja mvua na senene, kila Mhaya huacha alilokuwa akifanya. Wanawake na watoto hukamata, huchambua mbawa na miguu, hukaanga kwa mafuta ya senene wenyewe. Na kwa desturi ya zamani wanawake hao hao hawakula. Walizipeleka kwa mume, wakasimama pembeni. Mama hakuwahi kudai, na wala ushirika wao haukumfundisha kudai, ingawa katika nyumba za ndugu mume na mke walikuwa wamekwisha anza kula pamoja na watu wakawasengenya kwa hilo. Mwaka 1976, nakumbuka kwa sababu ndio mwaka niliomaliza darasa la saba, Mama aliweka sahani mbele ya Tata, akageuka kuondoka. Tata akamwita. Akaisukuma sahani katikati, akasema, "Kaa. Umezikamata wewe." Mama akakaa. Walikula bila kuzungumza. Bibi yetu, mama yake Tata, alitoka nje, hakurudi mpaka sahani ilipokwisha. Hakufurahi, na hakuficha.

Watu wakisema kwamba Uamsho ulikuwa jambo la nyimbo na machozi tu, mimi hukumbuka ile sahani.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, ila si kweli kwamba alikuwa kimya. Siku hizi kuna usemi kwamba matendo yanatosha, maneno ya nini. Mama asingekubali. Alikuwa akisema kwamba mtu akikuona unatenda wema na hujamwambia nani amekubadilisha, atakusifu wewe, nawe utaiba tena, safari hii unamwibia Mungu. Kwa hiyo alisema. Alichagua tu wakati. Aliyekuja asubuhi kuazima moto hakuzuiliwa mlangoni na mahubiri, kwa kuwa watoto wake walikuwa wanasubiri uji. Aliyekuja mchana kumsaidia kumenya ndizi, huyo alikuwa na muda, na mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Hapo Mama alisimulia habari zake: alivyokuwa mwizi katika nyumba yake mwenyewe, na alivyosamehewa. Za mtu mwingine hakuzigusa. Palikuwa na ndugu, tena waliosifika kwa bidii, ambao kwa jina la kutembea nuruni walifichua dhambi za wenzao, wakawaaibisha watu mbele ya waume na wakwe. Niliona nyumba ikivunjika kwa sababu hiyo, na nasema bila kuficha kwamba ulikuwa ukatili. Mama alikuwa akiwaambia, "Ungama zako. Za mwenzako hujatumwa."

Pombe pia ilikuwa kazi. Kwetu ndizi hazikanyagwi kwa ulevi tu. Rubisi ni posa, ni msiba, ni heshima kwa mzee. Mama aliacha kuinywa na kuikanyaga, naye Tata akakasirika kwamba wageni wake watamwona maskini. Mama akaanza kukamua mramba, ule mtamu usiochachuka, na kuuleta kwa magoti yaleyale na adabu ileile. Wazee walinung'unika. Baadaye waliuzoea, na wake zao wakaanza kuja kuuliza kwa nini.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likabomolewa. Watu waliowahi kuvuka walishuka kusini na mizigo vichwani, wengine bila mzigo wowote. Nyumbani kwetu alifika mwanamke Mwislamu na watoto wake pamoja na mkwewe, mzee aliyekuwa amevimba miguu. Tata aliwapokea, hilo nampa sifa yake kamili. Alisema kibanja hakiishi ndizi kwa ajili ya watu wanne. Mama akawapa chumba chetu wasichana, nasi tukahamia jikoni.

Usiku wa kwanza, kabla ya sala ya jioni, Mama akamwambia mgeni, "Dada, saa hizi sisi tunasali. Ukipenda kukaa, kaa. Ukipenda kupumzika, pumzika. Hakuna atakayekutazama vibaya." Mgeni alipumzika. Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa. Kisha akaanza kukaa, mgongo ukutani, mtoto akinyonya. Mzee alisali sala zake tano kwenye mkeka ambao Mama aliuweka kando kwa ajili yake, na sisi tulikatazwa kuukanyaga.

Idi ya kuchinja iliangukia katikati ya vita, Novemba ileile. Hawakuwa na cha kuchinja. Mama alikamata jogoo wetu mkubwa, akampelekea mzee pamoja na kisu, akamwomba achinje kwa taratibu yake ili tule wote. Yule mzee alishika kisu, akashindwa kusema kitu. Siku ile tulikula pamoja, na Mama alikaa kwenye mkeka mmoja na wageni.

Baada ya hapo wakati fulani, wakichambua maharage, mgeni akauliza, "Mama, mbona hapa mnaombana msamaha mbele ya watoto? Hamwogopi watawadharau?" Mama akamsimulia habari ya kahawa, kitenge na sufuria. Mgeni akacheka mpaka maharage yakamwagika, kisha akanyamaza, kisha akasimulia yake. Sisi tulifukuzwa. Niliporudi kuleta maji nilimkuta Mama anaomba, mgeni ameinamisha kichwa.

Hakubatizwa. Kampala ilianguka Aprili 1979, na wakati wa kurudi ulipofika walirudi kwao wakiwa Waislamu kama walivyokuja. Mwinjilisti mmoja alimlaumu Mama kwamba alikaa na roho zile kwa miezi na hakuvuna hata moja. Sijasahau jinsi Mama alivyomjibu: "Mimi niliambiwa nishuhudie. Kuvuna ni kwa mwenye shamba." Yule mwanamke alituma samaki wakavu kila alipopata mtu wa kuja huku, miaka na miaka. Mama alipofariki alikuja msibani akalala matanga mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Kabla jina hilo halijatufikia vijijini watu waliuita Juliana, wakisema umekuja na nguo zilizovushwa mpakani. Wengine walisema ni uchawi wa kulipiza madeni ya biashara. Wapo waliosema ni hukumu ya Mungu, na walilisema wakiwa mimbarani. Ilikuwa miaka ya shida juu ya shida: vita vilikuwa vimekausha nchi, sukari ya foleni, sabuni haionekani.

Mwaka 1985 shangazi yetu, dada yake Tata, aliletwa nyumbani kutoka mjini alikokuwa akifanya biashara. Alikuwa mwanamke mrembo, mwenye mdomo, na kwa miaka alikuwa akimcheka Mama kwa wokovu wake mbele za watu. Sasa alibebwa kwa machela. Ndugu zake walisimama nje. Tata, aliyempenda kuliko wote, alifika mlangoni mwa kile chumba akashindwa kuingia. Akawa anakuja kila asubuhi, anaweka maziwa kizingitini, anaondoka.

Mama aliingia. Muuguzi mmoja alikuwa amemfundisha asiguse damu kwa mikono mitupu, basi alifunga mifuko ya nailoni mikononi. Alimwosha, akamgeuza, akamnywesha uji kwa kijiko. Mashuka aliyafua kwa majivu na majani ya mpapai. Usiku alilala chumba kilekile. Wiki za mwanzo hakumwambia lolote la dini, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Amelala hawezi kuondoka. Nikimhubiria sasa nitakuwa nimemfunga." Shangazi mwenyewe ndiye aliyeanza. Usiku mmoja, nikiwa nimeshika koroboi, alimuuliza Mama, "Hivi nilivyokutukana vyote, hukumbuki?" Mama akasema anakumbuka, na kwamba na yeye alikuwa akimchukia kwa hayo, tena baada ya kuokoka, na angependa amsamehe kwa chuki hiyo. Shangazi hakutarajia kuombwa radhi. Wakaombana. Mengine waliyosema nilitoka nikawaachia.

Alikufa baada ya majuma machache, akiwa na jina la Yesu mdomoni na mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama. Alipozikwa, Tata hakwenda kwenye pombe. Wala siku iliyofuata. Jumapili moja alisimama kanisani, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akaeleza habari ya kahawa na maneno ya yule mzee, habari ya senene, na kile kizingiti alichoshindwa kukivuka. Akasema, "Nimemwangalia mwanamke huyu tangu mwaka ule. Nilikuwa nangoja aanguke nipumzike." Kisha akakaa. Ndugu wakaanza kuimba, kama ilivyo desturi yao mtu anapotubu, na Mama hakuimba. Alikuwa ameshika leso usoni.

Wakati wa yote haya walikuwepo majirani. Waliona mwanamke akipita na beseni, waliona nguo zimeanikwa, walisikia nyumba ambayo zamani ilipiga kelele sasa inasali. Wengine waliokoka, wengine hawakuokoka. Watoto wawili wa shangazi walilelewa kwetu, na mmoja wao leo ni mchungaji wa usharika.

Siwapingi wanaohubiri kwa vipaza sauti uwanjani. Watu wameokoka huko, na mimi ninao marafiki waliotoka huko. Lakini nimeona mhubiri akishuka jukwaani na mkewe akaogopa kupanda naye gari moja. Nyumba ndiyo inayojua. Mama alikuwa na wasikilizaji wachache waliomjua asubuhi na jioni, njaa na shibe, na mbele yao alisema alichosema.

Kizazi cha ndugu wale kinaisha. Waliobaki wana miaka themanini na kuendelea, wanashinda barazani, na wajukuu wanapita na simu mikononi. Maaskofu wameandikwa, akina mama hawa bado. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja wao, mwanamke au mwanamume, nenda ukakae naye wiki hii. Muulize aliokoka mwaka gani, nani alimshuhudia, alirudisha nini na kwa nani. Mwache aseme kwa lugha yake, Kihaya, Kinyambo au nyingine yoyote, na uandike kama anavyosema. Andika majina kwa idhini yake, weka tarehe, na nakala moja ipeleke usharikani ikatunzwe.